Somo la Larry Shinoda kwa wanaopamba magari

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Marekani, aliniandikia majuzi kuniomba ushauri ambao sikutarajia kuombwa. Amenunua gari aina ya Ford Mustang la mwaka 1995, mojawapo ya yale magari ya Kimarekani yenye injini kubwa ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Akiba yake ni ndogo, tamaa yake ni kubwa. Anataka bampa mpya ya mbele, bawa la nyuma, boneti yenye matundu na vipande vya kuteremsha ubavu wa gari, na aliuliza aanze na kipi. Mwishoni mwa barua, kana kwamba ni jambo dogo, alitaja kuwa akikanyaga breki gari hilo huvuta upande mmoja.

Mimi si fundi makanika. Nimefundisha uchoraji kwa miaka mingi, na hilo ndilo lililonifanya nimjibu kwa kumsimulia maisha ya mchoraji. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya hayo mabawa na mabampa anayoyatamani yupo binadamu aliyeketi mezani na penseli, na maisha yake yana funzo kwa kila anayetaka kukipamba chombo chake.

Larry Shinoda alizaliwa Los Angeles mnamo 1930, mwana wa jamii ya Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Mwezi Desemba 1941 Japani ilishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Februari 1942 Rais Roosevelt akatia sahihi amri iliyowezesha watu zaidi ya 110,000 wa asili hiyo kuhamishwa kutoka makwao na kufungiwa kambini. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Shinoda, kijana wa miaka kumi na miwili, alipelekwa pamoja na jamaa zake katika kambi ya Manzanar, jangwani chini ya milima ya Sierra Nevada. Huko watu walizungukwa na seng'enge na minara ya walinzi, si kwa kosa walilotenda bali kwa sura zao. Serikali ya Marekani ilikuja kuomba radhi rasmi mnamo 1988, miaka zaidi ya arobaini baada ya vita kwisha.

Sidai kwamba kambi ndiyo iliyomfunza kuchora. Ninachojua ni kwamba alipotoka alikuwa na mapenzi makubwa na magari ya kasi, yale ambayo vijana wa California waliyaunda wenyewe kwa vipande vya magari makuukuu. Alijiunga na chuo cha sanaa cha Art Center jijini Los Angeles lakini akaondoka bila kukamilisha masomo. Mnamo 1955, katika mashindano ya kwanza ya kitaifa ya mbio fupi za kasi yaliyofanyika Great Bend, Kansas, alishinda katika kundi lake kwa gari alilolitengeneza mwenyewe. Kwa hivyo, kabla ya kuwa mchoraji mashuhuri, alikuwa mtu aliyekaa nyuma ya usukani na kuhisi gari linavyotenda kasi inapozidi. Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba mikono yake ilitangulia cheti chake.

Baada ya kupitia Ford na Studebaker-Packard, aliajiriwa na General Motors mnamo 1956, na hapo akafanya kazi chini ya Bill Mitchell, mkuu wa uchoraji. Alishiriki kuikuza michoro ya gari la mashindano la Stingray la 1959, ambalo wachoraji wengine, akiwemo Peter Brock, walikuwa wametangulia kulibuni. Kutokana na gari hilo ikazaliwa Corvette Sting Ray ya 1963, ambayo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa magari mazuri zaidi kupata kuundwa Marekani.

Lakini uzuri huo ulikuwa na kasoro mbili ambazo mwanafunzi hapaswi kufichwa. Kioo cha nyuma kiligawanywa kwa utepe wa bodi uliopita katikati. Mitchell aliupenda kwa sababu ulikamilisha mstari wa mgongo wa gari, ilhali mhandisi Zora Arkus-Duntov aliupinga kwa sababu ulimzuia dereva kuona nyuma. Fauka ya hayo, boneti ilikuwa na viwavu viwili vilivyofanana na njia za hewa, kumbe vilikuwa pambo tu. Gari la 1964 lilipotoka, utepe ulikuwa umeondolewa na vile viwavu pia havikuwapo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka wa 1968 Shinoda alihamia Ford, akimfuata Semon Knudsen aliyekuwa ametoka General Motors na kuwa rais wa kampuni hiyo. Hapa ndipo alipofanya kazi ninayoiona kuwa kilele cha maisha yake. Ford ilitaka gari la kushindana katika mbio za Trans-Am, na sheria zilidai kwamba gari la aina hiyo liuzwe pia kwa umma. Mustang ya kawaida ya 1969 ilikuwa na matundu ya hewa nyuma ya milango, lakini yalikuwa ya uongo, kwani hayakupitisha hewa yoyote. Shinoda aliyafuta. Aliusafisha ubavu ukabaki laini, kisha akaweka ubao mwembamba chini ya bampa ya mbele na kubuni bawa la nyuma, pamoja na vibao vya kukinga jua juu ya kioo cha nyuma. Gari hilo likaitwa Boss 302, na mnamo 1970 Mustang ikaipatia Ford ubingwa wa Trans-Am.

Mtazame mtu huyo kwa makini. Kabla ya kuongeza, alipunguza. Alichokiongeza mbele na nyuma kilikuwa na kazi. Gari linapokwenda kasi sana, hewa huelekea kuliinua, na tairi hupoteza sehemu ya mshiko wake barabarani. Ubao wa mbele hupunguza hewa inayopita chini ya gari, na bawa la nyuma huusaidia mkia usielee. Viwili hivyo hutakiwa vipatane, maana bawa kubwa la nyuma bila kitu mbele huweza kuzifanya tairi za mbele kuwa nyepesi. Katika mwendo wa mjini havina faida ya kutajika.

Knudsen alifutwa kazi Septemba 1969, na Shinoda naye akapoteza ajira.  Baadaye alijitegemea, na miaka yake ya mwisho aliitumia kwa sehemu kuchora vile vile anavyovitafuta mwanafunzi wangu, yaani vipande vya kubadilisha sura ya gari ambalo tayari limetoka kiwandani. Alichora vya Corvette mwishoni mwa miaka ya 1980, vilivyopewa jina la dereva Rick Mears, na baadaye vya Mustang ya kizazi kilichoanza 1994. Alifariki Novemba 1997.

Basi nilimwandikia kijana wangu hivi. Kila kipande unachotamani ukiulize kazi yake. Tundu la boneti lisilopitisha hewa usilinunue. Bampa isiyoacha nafasi ya kutosha ya hewa kufikia rejeta itakuunguzia injini. Ukiambiwa uondoe ule mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa ili kipande kikae, kataa, kwa kuwa huo ndio utakaokukinga siku ya ajali. Vipande vya faibaglasi ni vyepesi lakini hupasuka vikigongwa, ilhali vya plastiki laini hujikunja. Vyovyote utakavyochagua, vijaribu kwanza kwenye gari kabla ya kuvipaka rangi, kwani kilichokwisha kupakwa rangi ni vigumu kukirudisha dukani. Lakini kabla ya hayo yote, peleka gari lirekebishwe breki.

Nakiri kwamba niliandika sentensi hiyo ya mwisho kwa hofu. Kijana huyu alikuwa mwanafunzi hodari wa kuchora, na sikutaka adhani mwalimu wake anaudharau urembo. Siudharau, na Shinoda hakuudharau. Bawa alilolichora linapendeza hata gari likiwa limesimama. Ila naamini linapendeza zaidi kwa sababu halimwongopei anayelitazama.

Jibu lake lilifika wiki iliyopita. Breki zimetengenezwa, na pesa zilizobaki hazimtoshi kununua bampa. Ameniomba nimtumie karatasi nzuri za kuchorea, kwa kuwa anataka kuichora mwenyewe.