Bruno Rossi na Ghala ya Habari za Nyota

Sisi wa Songwe hujivunia kimondo chetu cha Mbozi, maana kilikuja chenyewe kutoka mbinguni na kila mtu aweza kukigusa. Lakini ziko habari za mbinguni zisizofika chini hata kidogo, kwani hewa huzizuia njiani. Miongoni mwake ni miale ya eksirei, jamaa ya ile ipigayo picha za mifupa hospitalini. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyehimiza miale hiyo ifuatwe huko huko juu.

Bruno Rossi alizaliwa Venice, nchini Italia, tarehe 13 Aprili 1905. Mwaka 1930 alitengeneza chombo cha umeme cha kutambua chembe moja ipitapo katika vipimio kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka 1933 akavileta vyombo vyake Afrika, katika mji wa Asmara, Eritrea, ulio juu zaidi ya mita 2,300. Huko aliona kwamba miale ya anga itokayo magharibi ilizidi ile ya mashariki. Kwa kuwa usumaku wa dunia hupinda njia ya chembe zenye umeme, akajua kuwa nyingi zina chaji chanya.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, naye akaondolewa kazini katika Chuo Kikuu cha Padua, ambako alikuwa amesimamia ujenzi wa jengo jipya la fizikia. Nimejaribu kujiweka mahali pake. Sidhani kama ningeshika tena chombo. Yeye na mkewe Nora walipita Denmark na Uingereza, wakafika Marekani mwaka 1939. Wakati wa vita alifanya kazi ya bomu la atomiki, na tangu 1946 akafundisha chuo cha MIT.

Mwaka 1959 aliwashauri wenzake watafute eksirei za nyota, ingawa wengi walidhani hazitaonekana. Riccardo Giacconi akaishika kazi hiyo. Tarehe 18 Juni 1962 roketi ilipanda kwa dakika chache tu, ikaona mwanga mkali wa eksirei upande wa kundi la Nge. Basi, habari zote zilikuwa za dakika hizo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ikawa na vitu 339.

Habari zikazidi kuongezeka, hata mwaka 1990 Wamarekani wakaanzisha ghala yake, HEASARC, huko Maryland. Rossi alifariki tarehe 21 Novemba 1993. Setilaiti iliyorushwa Desemba 1995 ikapewa jina lake. Ikapima miaka 16, ikaanguka na kuungua mwaka 2018. Vipimo vyake vimo ghalani pamoja na vya Uhuru, na mwenye intaneti huvichukua bila malipo.

Muhula huu mwalimu wetu wa fizikia alitufungulia vipimo vya nyota ile ya Nge. Mstari wake hupanda na kushuka, nasi wanafunzi wanne tunaupima kila Jumamosi jioni. Bado hatujamaliza.