Salme wa Mtoni na Mlango Uliofungwa

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Walinena pia kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hizi mbili aghalabu tunazifundisha katika vipindi tofauti, ya kwanza tukizungumzia mambo ya moyo na ya pili tukizungumzia siasa, kana kwamba mawili hayo hayajuani. Leo nataka kusimulia maisha ya mwanamke ambaye methali zote mbili zilikutana mlangoni pake. Ninayo sababu ya kumkumbuka, nami nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, ambaye mamlaka yake yalifika pia katika mwambao wetu wa Kenya. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, mzaliwa wa nchi ya milima ya Kaukasi, aliyetekwa vitani angali mtoto.

Kwa mtu wa taaluma yangu, jumba lile lingetosha kuwa somo la muhula mzima. Mbele ya Sayyid Said ilitakiwa kisemwe Kiarabu peke yake. Alipogeuza kisogo tu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi vilisikika katika nyua na vyumba. Binti huyu alikua akivuka mipaka ya lugha kabla ya kujua kwamba kuna mipaka. Watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma, wala hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Walimu wenzangu na waitafakari picha hiyo: mtoto aliyenyimwa kalamu na desturi, naye akaitafuta kwa njia yake. Kalamu hiyo ndiyo iliyokuja kumtia matatani, na kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya akumbukwe hadi leo.

Mwaka wa 1856 Sayyid Said alifariki dunia akiwa baharini, akirejea Unguja kutoka Omani. Salme alikuwa na umri wa miaka 12. Marehemu aliacha mali nyingi na watoto wengi, ila hakuacha utaratibu wa kurithi kiti ambao wanawe wote waliukubali. Thuwaini alishika Omani, Majid akashika Zanzibar, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la husuda. Mzozo huo ulipelekwa kwa Mwingereza aliyetawala Bara Hindi, naye mwaka wa 1861 akaamua kwamba nchi hizo mbili zitengane na Zanzibar iwe ikiilipa Omani riali 40,000 kila mwaka. Ndugu walishindwa kugawana urithi wa baba yao, wakamwita mgeni awagawie. Tangu siku hiyo mgeni alijua njia ya kuingilia.

Hata ndani ya Unguja kwenyewe hapakuwa na amani. Barghash, mdogo wake Majid, alikitamani kiti. Mwaka wa 1859, mwaka ule ule ambapo Jilfidan alifariki kwa kipindupindu, njama ya kumpindua Majid ilisukwa. Salme, akiwa na umri wa miaka 15 na akiwa mmoja wa wachache wa nyumba ile waliojua kuandika miongoni mwa wanawake, alifanywa katibu wa waasi. Alivutwa na dada yake Khole, aliyempenda mno, japokuwa yeye na mamake walikuwa wamewahi kulelewa nyumbani kwa Majid kwa wema. Uasi ulipobanwa, kina dada hao walimtorosha Barghash usiku akiwa amevishwa mavazi ya kike. Majid aliwaomba Waingereza msaada, wakamsaidia. Barghash alihamishiwa Bombay. Salme alibaki Unguja akiwa hana upande: alipopatana na Majid baadaye, ndugu wa kundi la Barghash walimtenga na kumwona msaliti.

Ni katika upweke huo ambapo mapenzi yalimjia bila kubisha hodi. Nyumba aliyokaa mjini ilikaribiana na ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani kutoka Hamburg, Heinrich Ruete, na katika mji ule wa vichochoro vyembamba jirani huonana na jirani akiwa juu ya dari yake. Walizoeana, wakapendana, na Salme akashika mimba. Kwa binti wa Sultani, asiyeolewa, kubeba mimba ya mtu asiye wa dini yake lilikuwa jambo la kufa na kupona. Tarehe 24 Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer hadi Aden. Huko alimngojea Heinrich kwa miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku iyo hiyo akafunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, alifariki mwaka huo huo angali mchanga.

Hamburg ilimpokea kwa baridi na kwa macho ya kumkodolea. Walizaa watoto watatu wengine. Kisha, Agosti 1870, Heinrich alipata ajali ya tramu iliyovutwa na farasi akafariki. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto wake mdogo hata miezi minne hajaitimiza. Mwanamke aliyeacha nchi, dini, lugha na ndugu kwa ajili ya mtu mmoja alijikuta hana hata huyo mtu mmoja. Ili kuwalea wanawe alihama kutoka mji hadi mji wa Ujerumani, akifundisha Kiarabu ili apate riziki.

Mwaka huo huo Majid alifariki, na Barghash, yule yule aliyetoroshwa na dada zake, akakalia kiti. Salme alitumaini kwamba ndugu aliyemhatarishia maisha angemkumbuka. Barghash alipozuru London mwaka wa 1875, Salme alifunga safari kwenda kumwona. Wakuu wa Uingereza hawakutaka mgeni wao asumbuliwe. Walimshawishi dada huyo akae mbali kwa ahadi ya kuwasaidia watoto wake, nayo ahadi haikutimizwa.

Miaka 10 baadaye ikaja zamu ya Wajerumani. Carl Peters alikuwa amezunguka bara la Tanganyika mwaka wa 1884 akiwatilisha watawala sahihi katika mikataba, na Barghash akapinga. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani huku mizinga ikielekezwa mjini. Pamoja na msafara huo, kwa mpango wa serikali ya Bismarck, alikuja Salme na watoto wake. Alidhani anasaidiwa kudai urithi, kumbe alikuwa chambo. Watu wa mji walimsalimu kwa furaha barabarani. Ndugu yake alikataa kumwona. Barghash alisalimu amri na kuwaachia Wajerumani walichokitaka, na baada ya hapo dai la Salme halikuwa na thamani tena kwa waliomleta. Alirudi Ulaya mikono mitupu.

Mwaka wa 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin. Katika mwaka huo huo Uingereza na Ujerumani zilikaa zikagawana nchi za Barghash, zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Wanafunzi wanaouliza kwa nini pwani ya Kenya iliitwa milki ya Sultani hadi mwaka wa 1963, asili ya ukanda huo ni hapo. Salme alirudi Unguja tena mwaka wa 1888, asipate kitu. Barghash alifariki mwaka huo. Mwaka wa 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 Khalid, mwana wa Barghash, alipokalia kiti bila idhini ya Waingereza, manowari zao zililipiga mabomu jumba la kifalme, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia.

Salme aliyasikia hayo akiwa mbali. Aliishi miaka mingi Beirut na Jaffa, akarudi Ujerumani mwaka wa 1914, na akafariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake mlikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Sitaki msomaji adhani namtakasa. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa nchi alikozaliwa, akidai kwamba watu wa Ulaya hawakuuelewa. Mwanamke aliyelia miaka 50 na zaidi kwa kutenganishwa na kwao hakuwalilia ipasavyo maelfu waliotenganishwa na kwao kwa minyororo, wakapitishwa Bagamoyo na Kilwa hadi soko la Mkunazini, lililofungwa mwaka wa 1873. Mamake mwenyewe alikuwa mateka. Hilo ni doa, na mwalimu anayeyafundisha maisha yake bila kulitaja atakuwa amefundisha nusu. Utajiri wa nyumba ya Sayyid Said uliota juu ya karafuu na migongo ya watu, na nyumba iliyojengwa hivyo tayari ilikuwa na ufa kabla ndugu hawajagombana.

Hata hivyo, kuna swali ambalo nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka. Ni nani aliyeisaliti Zanzibar? Wengi hukimbilia kumtaja Salme, kwa kuwa alipenda mgeni. Mimi huwaomba wahesabu. Majid aliita mizinga ya mgeni dhidi ya nduguye. Barghash aliweka sahihi yake mbele ya manowari na baadaye akawakodishia Waingereza pwani. Mzozo wa kiti ulipelekwa kuamuliwa ng'ambo. Salme alimpa mgeni nafsi yake. Hakuwa na nchi ya kumpa. Lakini katika masimulizi ya barazani, aibu ilimwangukia yeye. Jamii inayoporomoka ina tabia hiyo: hutafuta chumba cha mwanamke wa kumlaumu, ili isitazame sebule ambamo wakuu wanaigawa nyumba.

Sasa niieleze sababu yangu. Dada yangu mkubwa, aliyenilipia karo ya shule ya upili kwa mshahara wake wa ualimu, aliolewa na mtu wa kabila jingine. Hatukulitarajia jambo hilo, ila tulikula pilau ya harusi na tukacheka. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Mapema Januari 2008, nchi ikiwaka moto, dada yangu alifika langoni pangu jioni pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Majirani walikuwa wakichungulia. Nilimwambia kwamba yeye na watoto wanaweza kuingia, na mumewe atafute pengine pa kulala. Dada yangu hakunijibu. Aliwashika watoto mikono, wakageuka wote wanne, wakaondoka katika giza lile.

Walinusurika, na Mungu ashukuriwe. Ilinichukua miaka 6 kwenda kumwomba radhi, nami ni mtu ambaye muda huo wote nilikuwa nikisimama darasani kuwaeleza vijana jinsi Barghash alivyokosa utu kwa kumfungia dada yake mlango. Nilikuwa na shahada ya uzamifu. Nilijua methali zote. Waliotugombanisha walishikana mikono hadharani Februari 2008 wakaunda serikali pamoja, wakagawana wizara. Mimi na dada yangu tulikuwa bado hatusemezani.

Ndiyo maana, walimu wenzangu na wanafunzi, ninapousikia msimu wa siasa ukikaribia na maneno ya kutengana yakianza kuingia katika mazungumzo ya jikoni na ya ofisini, humkumbuka Salme akiwa juu ya meli bandarini, akilitazama jumba alimokuwamo ndugu yake. Umbali ule haukuwa hata wa nusu saa kwa mashua. Barghash hakuuvuka, na miaka michache baadaye hapakuwa na jumba la kulindia heshima wala nchi ya kuitawala.

Tunapowafundisha vijana historia ya pwani, tuwafundishe tarehe na mikataba, ni wajibu wetu. Tuwafundishe pia kwamba nchi huanza kuuzwa siku ambayo ndugu anamwogopa jirani anayechungulia kuliko anavyomwonea haya dada yake aliyesimama langoni. Dada yangu huja kwangu siku hizi, na mumewe huja naye. Hukaa sebuleni, tukanywa chai. Kila lango linapogongwa jioni, mimi ndiye ninayeondoka kwenda kulifungua.