Otto Loewi: Chura wawili walivyomfichulia siri ya neva

Kijana wa Isiolo akiagiza maini mjini, au akishushia mayai kwa chai asubuhi, hajui kwamba anazilisha neva zake pia. Siri hiyo ilianza kufunguka kupitia Otto Loewi, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1873.

Chuoni jamaa hakuwa moto wa kuotea mbali. Alisomea udaktari, lakini alipenda kukwepa masomo yake na kwenda kusikiliza falsafa. Mtihani wa kwanza aliponea chupuchupu. Hata hivyo, kufikia 1902 alikuwa ameonyesha kwamba mnyama anaweza kujenga upya protini za mwili kutokana na vipande vya protini iliyokwisha kusagwa.

Baadaye, akiwa profesa mjini Graz, Austria, aliota jaribio. Akaamka, akaandika, lakini asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake! Ndoto iliporudi usiku uliofuata, alikimbilia maabara. Alichukua mioyo ya chura wawili, akachochea neva ya mmoja hadi ukapunguza mapigo. Maji yaliyouzunguka alipoyatia kwa moyo wa pili, nao ukapunguza. Yaani neva hutuma ujumbe kwa kemikali! Kemikali hiyo ni asetilikolini.

Malighafi hutoka wapi? Ini la binadamu hutengeneza kolini kidogo tu, kwa hivyo nyingine lazima itoke kwa chakula: maini, mayai, nyama, maharagwe. Damu huisafirisha, vibebaji maalumu huiingiza ndani ya neva, kisha huunganishwa na kipande kinachotokana na sukari ya damu. Ujumbe ukifika, asetilikolini huvunjwa papo hapo, jambo ambalo Loewi na mwenzake walilionyesha mwaka wa 1926. Neva nayo huiokota kolini na kuitumia tena.

Mnamo 1936 alitunukiwa Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Miaka miwili baadaye Wanazi walimfunga kwa kuwa Myahudi, wakamlazimisha kuwakabidhi pesa za tuzo ndipo aondoke. Akaanza upya Marekani akikaribia miaka 70, na akafariki New York mwaka wa 1961.

Kwa hivyo ukame unapofagia mifugo Isiolo, hasara haiishii mfukoni. Nyama ikikosekana sahanini, na ubongo wa mtoto unaweza kupungukiwa na malighafi.