John Gibbon: alipanda, wengine wakavuna

Kuna mtu anayetaabika miaka mingi, kisha matunda yanaonekana mikononi mwa wengine. Daktari John Gibbon, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1903, alikuwa mtu wa namna hiyo.

Yapata mwaka 1930, akiwa daktari kijana huko Boston, aliagizwa kukesha na mama mgonjwa. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa wa kupeleka damu mapafuni. Usiku kucha Gibbon alimwona akikosa pumzi, damu yake ikigeuka nyeusi. Asubuhi wapasuaji walitoa lile donge, lakini mama akafa. Kutoka usiku ule wazo moja halikumwacha: kuitoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni ndani ya mashine, na kuirudisha, ili moyo upumzike daktari akiutengeneza.

Waliomtia moyo walikuwa wachache. Mwaka 1934 alianza kazi hiyo pamoja na mke wake Mary, aliyekuwa mtaalamu wa maabara, wakijaribu kwa paka. Vita vya Pili vya Dunia vilimsimamisha. Vilipokwisha alianza tena, na kampuni ya IBM ikamsaidia kwa wahandisi wake.

Mgonjwa wa kwanza, mtoto mdogo, alikufa mwaka 1952. Kisha tarehe 6 Mei 1953, msichana wa miaka 18 alifunguliwa moyo, tundu lililokuwa ndani likashonwa. Kwa dakika 26 mashine ilifanya kazi ya moyo na mapafu. Msichana akapona! Lakini mwaka uleule watoto wawili waliofuata walikufa. Gibbon alihuzunika sana, na hakupasua moyo tena.

Angeweza kufungia michoro yake sandukuni. Badala yake aliwapa wengine. Daktari John Kirklin na wenzake katika Mayo Clinic waliirekebisha mashine, na kuanzia 1955 waliponya wagonjwa kwayo.

Mlango ukafunguka. Mwaka 1960 Albert Starr aliweka vali bandia ndani ya moyo, tiba ambayo leo huokoa hata vijana wa Afrika walioharibiwa vali na homa inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mwaka 1967 René Favaloro, Mwargentina, alianza kutumia mshipa wa mguu kuipitisha damu kando ya mshipa wa moyo ulioziba. Gibbon mwenyewe alikufa mwaka 1973 kwa shambulio la moyo, akicheza tenisi.

Wandugu, wengi wetu tumeanza kazi ambazo hatutazimaliza: shule, zahanati, kanisa. Tukichoka, tusiondoke na funguo. Tumwachie anayekuja nyuma yetu vyote tulivyojifunza, hata vile tulivyojifunza kwa machozi.