Mzae Chichester alizunguka dunia pekee yake, dere alikuwa upepo

Imagine mathree ya usiku, Nairobi hadi Mombasa, na aliye ndani ni dere peke yake. Hana makanga, hana wa kumpokea usukani, na hakuna stage ya kupaki. Sasa hiyo safari iweke baharini, iende miezi. Hiyo ndiyo ngori Francis Chichester alijitafutia.

Msee alizaliwa Uingereza mwaka wa 1901. Akiwa na miaka 18 akahepa New Zealand kusaka doo, akaomoka huko, kisha akashikwa na mambo ya ndege. 1931 alivuka bahari ya Tasman pekee yake na kindege kidogo kinaitwa Gipsy Moth. Halafu 1958 madaktari wakampata na kansa ya mapafu. Bibi yake, Sheila, alimshughulikia hadi akasimama tena, na 1960 huyo, akaingia mashindano ya kuvuka Atlantic kila mtu pekee yake.

Lakini utalala saa ngapi, na nani atashika usukani? Blondie Hasler, mwanajeshi mstaafu aliyeleta wazo la hayo mashindano, alikuwa na mtambo wake. Chichester akajiundia wa kwake, akauita Miranda: tanga dogo lililosimama nyuma ya mashua. Mashua ikipinda, upepo unaligonga hilo tanga kwa upande, nalo linavuta usukani hadi mashua irudi njia. Halili mafuta, halitaki stima. Lakini chunga, hiyo kitu inafuata upepo, sio dira. Upepo ukigeuka ukiwa umelala fofofo, unaamka ukielekea kwingine kabisa.

Miranda ilimfikisha New York siku 40. Akawa namba moja. Hasler alichukua siku 48, wa pili.

Agosti 1966, mzae ana miaka 64, akatoka Plymouth na Gipsy Moth IV kuzunguka dunia, kusimama mara moja tu, Sydney. Safari hii alichagua mtambo wa Hasler. Ikiwa imebaki kama maili 2,300 afike, ukavunjika. Manze, uko katikati ya maji baridi, mawimbi kama ghorofa, na dere wako amededi.

Kwanza aligeuza mashua aende Fremantle, kulikokuwa karibu. Kisha akaanza kujaribu-jaribu: akachukua tanga dogo, akalifunga kamba hadi kwa usukani, akacheza na hizo kamba mpaka mashua ikajishika yenyewe. Akarudisha uso Sydney. Alifika Desemba, siku 107 tangu atoke kwao.

Watu hupenda ile part ya Mei 1967, aliporudi Plymouth baada ya siku 226 baharini na baadaye Malkia akamfanya Sir kwa upanga wa Francis Drake. Mimi hizo kamba ndizo zinanimaliza.

1972 alijaribu Atlantic tena, akiwa mgonjwa sana, ikabidi arudi. Agosti mwaka huo akaaga, akiwa na miaka 70.