Bargash bin Said na Mizani ya Sarafu Zake

Sayyid Bargash bin Said, wa ukoo wa Busaidi, alikalia kiti cha Unguja mwezi Oktoba 1870. Hakukifikia kwa wepesi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Aliporithi ufalme, mitihani ilimfuata: tufani ya 1872 iliangamiza mikarafuu na vyombo vya baharini, na 1873 alilazimika kutia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini.

Wakati huo masoko ya pwani yalitumia reale ya Maria Theresa na rupia ya Bara Hindi, fedha zenye majina ya wafalme wa mbali. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Bargash alitoa sarafu zenye jina lake: reale za fedha, pesa za shaba, na vipande vya dhahabu vya reale 5 na reale 2 na nusu. Reale moja ilihesabiwa kuwa pesa 136. Dhahabu hiyo leo ni adimu mno. Pesa zilizochorwa mizani zilitolewa tena 1304, na mwaka ulioandikwa ndio unaompa mkusanyaji njia ya kutenga toleo na toleo.

Hata hivyo, jina katika sarafu si sawa na amri katika nchi. Mwaka huohuo wa 1882, majeshi ya Bargash chini ya Lloyd Mathews yaliizingira ngome ya Mwele, bara ya Gazi, katika Kwale ya leo. Aliyekuwa ndani ni Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, asiyekubali kutawaliwa na Mbusaidi. Ngome ilianguka, lakini Mbaruk akaponyoka.

Kilichoshindikana kwa Mbaruk kilitimizwa na madola ya Ulaya. Mapatano ya 1886 yalimwachia Bargash ukanda wa pwani wa maili 10 tu, wenye Diani, Msambweni na Gazi ndani yake. Mwaka 1887 aliwakabidhi Waingereza uendeshaji wa pwani kutoka mto Umba hadi Kipini. Alifariki Machi 1888.

Septemba mwaka huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme, ikatoa sarafu zake za Mombasa. Rupia zilizopigwa Birmingham zina herufi H, alama ndogo ambayo wachunguzi huitazama kwanza. Pesa zake za shaba, zenye tarehe 1888 na 1306, zilichorwa mizani pia, na ndani yake neno la Kiarabu la uadilifu. Mfanyabiashara wa Vanga aliyezipokea aliiona mizani aliyoizoea. Jina la Bargash halikuwapo tena. Bendera ya Sultani ilibaki pwani hadi 1963, ila mkono ulioshika mizani ulikwisha kubadilika.