Malkia Nzinga: Dawa ya Moto ni Moto

Wenzangu, ukimtaja Nzinga wa Ndongo, nchi iliyo Angola ya leo, wengi hukumbuka siku ile ya 1622 alipokwenda Luanda kuzungumza na gavana Mreno. Hakupewa kiti. Basi mjakazi wake akainama, naye akamkalia mgongoni! Sisi hucheka na kupiga makofi, lakini hebu mfikirie yule mjakazi.

Kaka yake mfalme alipofariki 1624, Nzinga akashika utawala. Mtoto wa marehemu aliuawa kwa amri yake, asije akakua akaudai ufalme. Kwa kweli hapo mimi hushindwa kumtetea. Wareno nao wakamtawaza mfalme wao, wakamfukuza Nzinga, na mwaka 1629 wakawateka dada zake wawili. Akabaki porini na watu wachache. Angefanyaje? Aliwaendea Waimbangala, wapiganaji waliotisha kupindukia, waliokuwa wakiteka watoto na kuwafanya askari. Akala viapo vyao, akawa mmoja wao kabisa, na kwa jeshi la namna hiyo akaitwaa Matamba katika miaka ya 1630. Waholanzi walipoiteka Luanda 1641 akashirikiana nao, akawauzia mateka wake wawe watumwa.

Mwaka 1656 alipatana na Wareno, akarudishiwa dada mmoja. Yule mwingine walikuwa wamekwisha kumuua. Nzinga alifariki tarehe 17 Desemba 1663, ajuza wa miaka 80 hivi, bado malkia. Dada huyo ndiye aliyemrithi.